Ndoo Yako Inayonuka Yai

Ayikoru mjukuu wangu,

Hapa Arua sote tu wazima, na goti la bibi yako limepoa. Unauliza kama uimwage bia ya pilsna, ile inayochachukia kwenye baridi, unayojitengenezea huko Kampala, kwa kuwa ndoo inanuka yai bovu.

Nilipokuwa karani kijana kule Lobule, niliwaalika majirani wanilimie shamba la muhogo. Anayekulimia humlipi pesa, unamnywesha kwete, pombe ya mahindi. Shangazi aliniwekea chungu kimoja. Niliogopa isiwe tayari, nikawa nakifunua kila saa na kukoroga kwa kidole.

"Karani, hii chungu si faili!" alinifokea. "Unafungua-fungua ya nini?"

Siku ya kulima, kwete ilikuwa chachu kama siki. Mzee mmoja alionja, akatema. "Karani, hii utakunywa na nani?" Walicheka, wakabeba majembe yao, wakaenda. Nililima peke yangu mpaka mvua ikanikuta.

Nimemuuliza jirani aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha bia. Anasema harufu hiyo ni ya hamira, itapita kwenye baridi. Iache ndoo ndani ya friji. Ukiingiwa na hofu, nipigie mimi, usifungue kifuniko.

Babu yako