Mkwe Wangu Ndiye Mkalimani

Jumatatu, 4 Februari 1957

Kidonge cha kumi leo. Nimekimeza na chai kabla ya kwenda kazini. Cherehani inataka mafuta. Suruali mbili za makarani wa reli, kanzu moja ya mwalimu wa chuo. Mkojo bado unatoka tone tone. Nasimama chooni hadi miguu inachoka.

Saa tatu hospitali. Daktari Mzungu amenipima, kisha akaongea. Akaongea sana. Akaninyooshea kidole tumboni, akachora kitu kwenye karatasi, akakifuta, akachora tena. Ningeweza kutia uzi kwenye sindano tano kabla hajanyamaza. Amisi alisikiliza huku anaangalia sakafu. Halafu akanigeukia, akanisemesha kwa wingi kama ilivyo heshima ya mkwe.

"Baba, Daktari anasema muendelee kumeza dawa."

Basi. Hayo tu.

Amisi ni muuguzi pale hospitali ya weusi, tena ni mume wa binti yangu Zaina. Kuongopa hakuwezi. Masikio yalimtoka jasho. Kuna kitu anaficha.

Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba. Amisi alisoma shule ya Wazungu, hizi hazijui. Vizuri.

Alhamisi, 7 Februari

Nipange kichwa changu.

Ninayoyajua: mwezi wa Desemba mkojo ulifunga kabisa. Daktari alinipima kwa kidole, mahali ambapo sitapaandika. Akanitoa kipande cha nyama kikapelekwa mbali. Jibu likarudi: kansere, kwenye tezi iliyo chini ya kibofu. Nimeze vidonge miezi miwili kuutayarisha mwili. Kisha treni hadi Katanga, kwenye mashine ya miale inayochoma uvimbe bila kisu. Tikiti italipwa na serikali.

Yote hayo nimeyapata kwa Amisi, kipande kipande, kama mtu anayedaiwa.

Nisiyoyajua: vidonge vinafanya kazi gani. Na kwa nini mimi. Nimelipa kodi tangu ujana wangu, serikali haijaninunulia hata sindano. Leo inaninunulia tikiti ya treni. Sipendi.

Jumapili, 10 Februari

Kifua kinauma. Chuchu zote mbili. Hata shati likigusa nasikia.

Nimejipima kwa utepe. Kifua kimeongezeka sentimita tatu. Nimerudia mara tatu. Napima vifua vya watu mwaka nenda mwaka rudi, siwezi kukosea changu.

Mama Zaina ameuliza kwa nini siku hizi nalala na shati. Nikasema mbu. Hakuridhika, nilimwona.

Jumanne, 12 Februari

Asumani anashona pembeni yangu, kwenye baraza ya duka la Mgiriki. Zamani alifanya kazi mgodini Katanga. Nilimuuliza kwa mbali, bila kutaja kifua: je, kule wagonjwa wanatunzwa? Akaacha kukanyaga cherehani.

"Kule? Kule njo kwa batumbula. Wanakamata muntu, wanamupa dawa ya kumunonesha. Akisha kunona, hapana onekana tena. Na wenye kuwapelekea wantu haiko Wazungu. Njo weusi wenzetu, wale wa kazi ya serikali."

Habari za batumbula, wale wanaosemwa wanakula watu, si mpya. Kila mtu hapa Kindu anazijua, na mimi miaka yote nilikuwa nacheka. Leo sikucheka. Dawa ya kunonesha. Mtu wa kazi ya serikali. Katanga. Nimerudi nyumbani nikafunga mlango, nikajipima tena.

Jumatano, 13 Februari

Sikumeza. Kidonge ni kidogo, cheupe, sawa na kifungo cha shati la mtoto. Nimekitia kwenye kopo la vifungo. Mama Zaina alikuwa uani anatwanga sombe ya majani ya muhogo, hakuona.

Amisi anataka nini? Nyumba yangu ina mabati. Sina mtoto wa kiume. Nikienda nisirudi, nani atakaa humu? Zaina na mumewe.

Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumanne, 19 Februari

Siku sita bila dawa. Kifua kimeanza kupoa. Kumbe nilikuwa sawa.

Jumapili, 24 Februari

Zaina ameleta samaki mkavu wa Lokandu. Amesema Amisi ndiye aliyemnunua, kwa ajili ya Baba. Nilimtazama samaki yule muda mrefu, nikampa paka. Paka mzima hadi jioni. Hiyo haimaanishi kitu.

Akauliza kama dawa naendelea nayo. Kwa nini aulize yeye? Nani kamtuma? Nikasema kila siku nameza. Sikuwahi kumdanganya mwanangu kabla ya leo. Nimechukia, na sijui namchukia nani.

Kifua kimerudi kama zamani. Mkojo umekuwa mgumu zaidi.

Jumatatu, 4 Machi

Hospitali. Daktari alinivua shati akaminya kifua, kulia, kushoto. Akakunja uso. Akauliza kitu.

"Daktari anauliza kama munameza dawa kila siku."

Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, wallahi. Nimeapa kwa uongo, Mungu anisamehe.

Akapima na kule nyuma. Akatikisa kichwa. Hapo sikuhitaji mkalimani, uvimbe umekua. Akaongea, na Amisi badala ya kunigeukia akaanza kubishana naye kwa Kifaransa. Sijapata kuona mtu mweusi akibishana na Daktari. Daktari akapandisha sauti, Amisi akanyamaza. Kitu kikaandikwa kwenye daftari.

"Baba, watawafanya operasyo kidogo. Alhamisi ya wiki ijayo. Kiisha njo Katanga."

"Operasyo wapi?"

"Kidogo tu, Baba."

"Nauliza wapi."

Aliangalia ukuta. Nimetoka hospitali bila kumuaga. Walikuwa wanabishania nini? Bei yangu?

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya swala nilipitia kwa Paulo. Ni mtu wa Lokandu, anafunga vidonda pale hospitali tangu wakati wa vita. Si ndugu, si jirani, dini zetu tofauti. Ndiyo maana nilimchagua. Nikamuuliza Alhamisi wananikata wapi. Alidhani namtania.

"Mapumbu. Yote mbili. Weye hapana jua?"

Nikaketi chini pale pale mlangoni.

Alinieleza kama anayeelekeza mtu njia ya sokoni. Uvimbe wa namna hii unakula nguvu za kiume. Vidonge vinaunyima chakula, na mwanamume akivimeza kifua kinauma na kuvimba. Ndiyo dalili ya kwamba dawa inafanya kazi. Ikifanya kazi, uvimbe unasinyaa, mtu anakwenda kwenye miale akiwa mzima. Kifua changu kimelala. Kwa hiyo Daktari anasema dawa imenishinda, na kilichobaki ni kisu.

"Amisi hapana kukuambia?"

"Hakuniambia."

Paulo akasema, "Atasema namna gani? Weye njo baba-mukwe yake. Mukwe atataja uchi ya baba ya bibi yake?"

Nilikuwa najua. Mimi mwenyewe marehemu baba mkwe wangu nikimwona mbele nilikuwa naacha njia, napita porini. Nimemshuku Amisi wizi. Nimemshuku kuniuza. Aibu tu sikuiwaza, na aibu hiyo nimeizoea kuliko mtu yeyote.

Nikamwomba Paulo amweleze Daktari. Daktari amekwenda Kailo kukagua wenye ukoma, hatarudi kabla ya Jumatano. Tena Paulo haingii kwa Daktari bila kuitwa. Kifaransa chake ni cha bandeji tu, amesema mwenyewe.

Naogopa. Nimeiandika nione inavyokaa. Naogopa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemeza vidonge viwili kwa pamoja. Upumbavu. Siwezi kulipa siku ishirini na nne kwa asubuhi moja.

Jumatatu, 11 Machi

Je, kama Paulo naye ametumwa? Nimekaa na wazo hili siku mbili, nimeshona mguu wa suruali kinyume nikafumua. Asumani amenicheka.

Nikikimbia, mkojo utaniua huko huko nilikokimbilia. Nikikaa kimya, Alhamisi kisu. Nikitaka kusema kweli, hakuna mdomo mwingine wa kunifikisha kwa Daktari isipokuwa wa Amisi. Na uongo wangu pia ulipita mdomoni mwake.

Basi aseme yote yeye. Nitayaweka pembeni ya yale ya Paulo. Yakikosana nitajua.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Amisi. Sijakanyaga pale tangu harusi. Zaina aliponiona alidhani kuna msiba. Nikamtuma kwa mama yake.

Amisi alitoka anafunga shati, akainamisha kichwa, akajibanza pembeni nipite. Sikupita. Nililiweka kopo mezani nikalimwaga. Vifungo na vidonge vikatawanyika pamoja. Akatazama. Akaanza kuvitenga vidonge kwa kidole, kimoja kimoja, bila kuuliza.

"Amisi. Leo miye haiko baba-mukwe. Niko mugonjwa. Sema yote Daktari alisema, tangu siku ya kwanza."

Kisha akanipa mgongo, akasema akiuelekea ukuta. Kifua. Kitanda. Kwamba nguvu zikienda huenda zisirudi, na Daktari alitaka nijue hilo mapema nichague mwenyewe. Kwamba Katanga nitalala uchi chini ya mashine, nisitikisike, tumbo likiwa limesafishwa kwa mpira wa maji. Kwamba ngozi ya kinena itachorwa wino, nisiuoshe. Maneno mengine yalimtoka kwa Kifaransa akalazimika kuyarudia. Alikuwa analia bila sauti, niliona mabega.

Yalilingana na ya Paulo. Hata wakati ule nilikuwa nachunguza, nalinganisha moja baada ya jingine. Ndivyo nilivyo.

"Nilimuomba Daktari aweke muntu mwingine wa kutafsiri. Alikataa, anasema Kifaransa yangu njo muzuri. Na ile siku nilimukatalia wasiwakate, Baba. Nilimuambia aongeze wiki mbili. Hapana kusikia."

Kumbe bei yangu ilikuwa hiyo.

Tukaenda hospitali tukangoja. Daktari alirudi mchana, buti zimejaa matope. Vidonge nikavimwaga kwenye meza yake, Amisi akasema. Daktari akawa mwekundu hadi shingoni. Akapiga meza. Amisi ametafsiri matusi yote, hata lile la punda. Sijawahi kupata tafsiri kamili namna hiyo.

Kesho hakuna kisu. Vidonge upya, tangu cha kwanza. Nafasi yangu ya Katanga amepewa mgonjwa mwingine. Mimi nitapewa nyingine ikipatikana.

Ikipatikana. Neno hilo nimejitafutia mwenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemeza mbele ya Mama Zaina. Kisha nikamweleza habari ya kitanda, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilitafuta maneno hadi chai ikapoa.

Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Halafu akauliza:

"Basi haiko bibi mwingine?"

Mwezi mzima amekuwa akinishuku, kwa ajili ya lile shati. Nikamwambia hapana. Akainuka kubandika chungu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari alikuwa anaimba. Sikujua kama nicheke au nilie.

Jumamosi, 23 Machi

Kifua kimeanza kuuma. Alhamdulillahi. Asumani ananiuliza nafurahia nini. Huyu nimemsikiliza ya kutosha.

Jumapili, 31 Machi

Amisi amekuja alasiri. Barua imefika kutoka Katanga. Nafasi iko, mwezi wa tano, na Daktari amekubali Amisi anisindikize.

Mama Zaina yuko kwa jirani wanatayarisha unga wa Ramadhani. Tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza lile ambalo sijaliuliza. Jana Daktari alinipima. Siku zile nilizozipoteza, uvimbe umefika wapi? Miale bado itaufikia?

Angeweza kusema ndiyo. Mkwe mwenye adabu angesema ndiyo, na mimi ningeanza kuchimba kilicho nyuma yake.

"Daktari anasema hajui, Baba. Anasema pengine tumechelewa."

Nilisubiri moyo wangu ufanye kazi yake ya kila siku, kushuku. Haukufanya. Nilimwamini, neno lote.

Alikuwa bado amesimama mlangoni kama inavyompasa. Nikamsogezea kigoda. Akakaa.