Kiapo cha Lupa

Jumatatu, 7 Juni 1954

Baridi. Vidole vilikataa kushika chaki mpaka saa nne. Baada ya masomo nikaenda kwa Padre, kama kila Jumatatu. Anasoma kitabu chake cha mashujaa wapanda farasi wa Ulaya ya kale, ananieleza, mimi naandika kwa Kiswahili. Kitasomwa na darasa la saba. Wanafunzi wanapenda mapigano. Mapenzi hawayaelewi: shujaa analia mwaka mzima kwa ajili ya bibi ambaye hajawahi hata kumsalimu. Ijumaa mmoja aliuliza kama huyo shujaa ana malaria.

Leo mashujaa wawili wamekuwa ndugu. Walijikata mikono, wakachuruzisha damu katika kikombe kimoja cha divai, wakanywa. Wakaapa: mmoja akiita, mwingine aje. Padre alivua miwani akasema hapa ndipo pazuri kuliko pote. Nilidondosha kalamu. Nikasingizia baridi.

Jumanne, 8 Juni

Niandike basi. Humu hasomi mtu.

Machimbo ya dhahabu ya Lupa, miaka kumi na sita iliyopita. Shimo liliniangukia. Wengine walikimbia. Ambakisye, Mnyakyusa ambaye hata jina lake nilikuwa silijui vizuri, alinifukua kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka. Wiki ileile tulichanjiana. Chale kifuani, ini la kuku likapakwa damu; yangu akala yeye, yake nikala mimi. "Nikikuita, njoo. Ukiwa unakula, acha. Ukiwa umelala, amka. Usipokuja, damu yangu ikufuate."

Baadaye nikapata kazi ya ualimu hapa misheni, Iringa. Nikaungama kwa Padre huyuhuyu. Alisema ni kiapo cha shetani, hakinifungi. Nikakikana nimepiga magoti. Nisijidanganye: nilishukuru. Kilikuwa kizito.

Kumbe Wazungu wakinywa damu ni pazuri kuliko pote.

Jumatano, 9 Juni

Barua ya tatu ya Ambakisye kutoka Mbeya. Maneno machache, ameandikiwa na mtu. Anaumwa. Ananiita. Nije.

Ya kwanza ilikuja Machi, ya pili wiki ya Pasaka. Zote mbili nilizitia motoni, sikujibu. Hii nimeitia mfukoni.

Ijumaa, 11 Juni

Katika somo la hesabu nilisikia mtu anafukua. Chini ya sakafu, karibu na meza yangu. Si panya, panya namjua. Ni mikono. Udongo unakwanguliwa, kimya, unakwanguliwa tena. Niliuliza nani anakwaruza. Watoto wakatazamana. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, na sakafu ile ni ya saruji.

Naogopa. Kovu linawasha.

Jumamosi, 12 Juni

Mficha uchi hazai. Nimemwambia Agata yote, hata barua nilizochoma. Miaka tisa ya ndoa na hakujua lile kovu limetoka wapi. Alisikiliza huku anachagua maharage. Mwisho akasema, "Padre ana hekima, baba Yustina. Lakini si yeye aliyefukuliwa." Akaendelea na maharage yake.

Nilimkasirikia mchana kutwa. Amesema kweli.

Jumatatu, 14 Juni

Kitabuni shujaa yuko katika karamu ya harusi yake mwenyewe. Mjumbe anafika: ndugu yako anakuita. Anaweka chini kikombe hata hajanywa, anaomba farasi. Padre aliisoma sentensi hiyo mara mbili.

Nikamuuliza mbona damu ya hawa ni njema. Akacheka. "Hayo ni masimulizi ya kale, Longino. Tena wale walikuwa wamebatizwa." Nikawaza, hata mimi kule Lupa nilikuwa nimebatizwa.

Nikaomba ruhusa ya siku kumi kwenda Mbeya. Nikamweleza ni yule wa Lupa, anaumwa. Akasema, "Ukienda kumwona mgonjwa, nenda na baraka yangu. Ukienda kwa ajili ya kile kiapo, usiikaribie Meza ya Bwana."

Nikajibu: kumwona mgonjwa.

Shujaa wa kitabuni asingejibu hivyo. Lakini yeye hakuwa na watoto watatu na nyumba ya misheni.

Alhamisi, 17 Juni

Igawa, njiani kwenda Mbeya. Springi ya lori imekatika tangu jana jioni. Dereva amelala chini ya gari, tanboi ametumwa kutafuta springi nyingine. Abiria wenzangu wananunua samaki wa kukaanga na kutaniana, Mhehe na Msangu, nani babu yake alimkimbia nani. Siku nyingine ningechangia.

Niliketi kivulini, mgongo kwenye gurudumu. Nikasikia tena. Chini yangu kabisa, taratibu zaidi kuliko Ijumaa. Kama mtu aliyechoka. Nikahama kivuli, nikakaa juani, ikanifuata. Nilisema kwa sauti, "Nakuja." Mama mmoja aliyekuwa karibu akasogeza kikapu chake mbali nami.

Jumamosi, 19 Juni

Nimefika. Nyumba iko kilimani, juu ya mji wa Mbeya, ndani ya migomba. Wanaume walikuwa wamekaa nje kimya, moto katikati. Nilijua kabla ya kusalimu.

Alikufa Jumapili. Amezikwa Jumatatu, siku ileile niliyokuwa kwa Padre nikichagua maneno.

Nilijiandaa kutukanwa. Hakuna aliyenitukana. Walinipa kigoda katikati ya ndugu zake, kana kwamba kilikuwa kinaningoja. Tupokigwe, mjane wake, alikuja akapiga magoti, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, shemeji. Umefika." Hakusema umechelewa.

Kisha akaniambia. "Alikuwa anataka kukufungua tu. Alikuwa ameanza masomo ya ubatizo. Akasema, ndugu yangu yule ni mtu wa dini, hii kitu itakuwa inamtesa. Aje tuifungue wote wawili wazima, arudi kwake na amani. Kila siku alikuwa anauliza lori la Iringa limeshapita?"

Kiapo cha damu hufunguliwa na wote wawili, mbele ya mashahidi, kwa kuku mwingine. Nilimuuliza kaka mkubwa wa Ambakisye kama mtu mwingine anaweza kusimama mahali pa marehemu. Akatikisa kichwa, bila ukali. "Huyo aliyefunga na wewe ameenda. Nani atafungua sasa?"

Sikuweza kula.

Jumapili, 20 Juni

Asubuhi nilikwenda kaburini peke yangu. Udongo bado mwekundu. Nilitegemea hofu, na hofu ilikuwepo. Aibu pia, kubwa. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, nikiandike kama kilivyo: nilifurahi. Kwamba hakuna anayeweza kunifungua. Kwamba amekufa bado amenishika. Nililia mpaka jua likapanda.

Mchana tulinyolewa, ndugu zake na mimi. Wembe mmoja, maji ya baridi. Nimeahidi kuja kumsaidia Tupokigwe kulima kila likizo. Alilia.

Jumatatu, 28 Juni

Iringa. Kwa Padre kama kawaida. Shujaa amekesha njiani, farasi amemfia, amekimbia kwa miguu, na amemkuta ndugu yake yu hai. Wanakumbatiana. Nimeandika hivyohivyo, sikupunguza neno. Ilinichukua muda mrefu.

Kisha nikaweka kalamu. Nikamwambia Padre nilimdanganya, nilikwenda kwa ajili ya kiapo. Akasema nipige magoti, nikikane tena, yaishe leo hii. Nikasema sitakikana. Hakukasirika. Alionekana mzee. Akafunga kitabu akaniuliza kama najua kukataa huko kunanitenga na Meza ya Bwana. Nikasema najua. Habari ya kazi atawaandikia wakubwa wake.

Ile mikono sijaisikia tangu Igawa. Darasani najikuta nimenyamaza katikati ya sentensi, nasikiliza. Wanafunzi wanangoja. Hakuna kitu. Ningependa kuisikia.

Jumapili, 4 Julai

Misa ya pili. Ukungu mpaka mlangoni mwa kanisa.

Kengele ya komunyo ikalia, benchi letu likasimama lote. Nilisogeza miguu kando ili wapite. Agata alipita. Yustina alipita, akageuka kunitazama, mama yake akamgusa bega. Wanafunzi wangu wa darasa la saba walipita mmoja mmoja. Nikabaki peke yangu kwenye benchi refu, mikono juu ya magoti. Padre aliinua macho mara moja, kisha akaendelea kugawa.

Waliporudi nilisogeza miguu tena. Agata alipiga magoti karibu nami kuliko alivyokuwa mwanzo, bega lake likagusa langu, akasali.