Nyoka Niliyemweka Chini ya Jina la Masele

Nyarugusu, Geita
Jumapili, saa za misa ambayo sikwenda

Kwako Deusdedit, Baba Masele, katekista mwenye kipara king'aacho,

Mwangaluka, rafiki yangu. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana nayajua magoti yako. Kama umesimama, kaa kwanza. Mama Masele hajambo? Mwambie michembe ya viazi aliyonipa naitafuna kidogokidogo kama dawa, na binti yangu Paskalina akiomba namwambia imekwisha. Huko Kambarage mvua imeshuka, au bado mnaangaliana tu na mawingu? Mimi afya ninayo. Meno yamebaki ya kutosha kucheka, ingawa siku hizi hayana kazi.

Najua unaigeuzageuza hii karatasi na kujiuliza huyu mzee kapatwa na nini, simu zipo. Simu nimeiogopa. Ungepokea ukaanza kunitania, nami ningejibu, tungecheka mpaka salio liishe, na jambo langu lingebaki tumboni. Karatasi hainicheki. Mwandiko uuvumilie. Unakumbuka niliachia shule darasa la nne, siku mwalimu alipoingiza mkono kwenye mkoba wangu akitafuta daftari, akamtoa nyoka.

Deus, nimesikia umemfungia Masele mlango. Paskalina aliongea na mkeo, naye akamwambia yote: kwamba kijana alifika na begi lake jioni, ukasimama mlangoni na kumwambia, majirani wakisikia, kuwa nyumba ya katekista hailazi mtu anayewaibia wenzake; na kwamba sasa analala kwa fundi baiskeli, kwenye maboksi. Nakuomba, kabla hujasema neno lingine juu ya mtoto huyo, soma mpaka pale nilipoweka jina langu.

Hapa mimi si mchimbaji tena, kifua kimekataa kushuka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Edson, yule mwenye duara alilokuwa akichimba Masele, alinihurumia akanipa kazi ya kulinda viroba vya mawe pale karashani, mawe yanaposagwa kabla ya kutafutwa dhahabu. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kigoda na kuangalia kila kiroba kiondoke na mwenyewe. Hata wewe ungeiweza, ukipunguza ule usingizi wako wa kanisani.

Ubaya ulianza Paskalina aliponirithisha simu yake ya zamani. Yeye anawapikia wachimbaji, anawajua wote, akaniingiza kwenye grupu lao la duara. Mimi kuandika ni shida, kidole kimoja changu kinafunika herufi tatu, basi nikawa natumia vile vikatuni. Ee bwana, mle ndani kuna zizi zima! Kuna ng'ombe, kuku, tembo, hadi nyangumi ambaye sijui anamhusu nani hapa Geita. Mara ya kwanza Adam aliponitumia mbuzi nilimfuata na fimbo nimuulize ndevu zangu zimemkosea nini. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Paskalina ikabidi anikalishe na kunifundisha: mbuzi ni sifa, maana yake huna mpinzani, nyani aliyejiziba macho anaona aibu, kuku ni mwoga. Nikajifunza haraka. Babu wa vikatuni, ndivyo walivyoniita, na mimi kichwa kikavimba. Nikiweka punda chini ya maneno ya Maganga, grupu zima linacheka. Umri huu, Deus, nani tena alikuwa ananicheka kwa kupenda?

Basi kiroba kimoja kikapotea. Si kiroba cha hivihivi, kilikuwa cha yale mawe yenye mstari mzuri wa dhahabu ambao vijana waliufuata chini ya ardhi mpaka ngozi za magoti zikabaki huko. Edson akauliza kwenye grupu nani anajua kilipo. Wa kwanza kujibu alikuwa mwanao. Aliwapa wenzake pole, akasema wasilaumiane kwanza, asubuhi atazunguka karasha zote kukitafuta. Chini ya maneno hayo mimi nikaweka nyoka. Mmoja tu, bila neno.

Maganga naye akaweka nyoka. Kisha Adam. Kisha hata watu ambao sijawahi kuona wakiandika kitu wakaamka na nyoka wao. Kabla chai yangu haijapoa grupu lilikuwa pango. Wakaanza kusemezana kwamba kweli, mbona huyu ndiye mwenye haraka ya kutafuta, si kwa sababu anajua kilikofichwa? Kesho yake mchana godoro la Masele lilikuwa nje kwenye vumbi, na wamemwambia akionekana tena duarani atateremshwa bila kamba. Picha ya wale nyoka ndiyo iliyomtangulia huko Shinyanga, ikakufikia na wewe.

Kabla hajaondoka alikuja kwangu. Alinipa shikamoo kwa adabu ileile, akachuchumaa mbele ya kigoda. Akaniambia kwamba yeye nyoka wangu hakumuumiza, alimwelewa. Amewaambia wenzake kuwa baba yake na baba yake mkubwa walikuwa Bayeye, wacheza nyoka, na kwa watu wale kumpa mtu nyoka ni kumpa heshima. Akawasimulia siku ile ya ngoma baada ya mavuno, ulipomvisha chatu wako shingoni akiwa mdogo, watu wakashangilia, na mimi nikampigia ngoma mpaka ikapasuka. Lakini wenzake hawakutaka kulisikia kwake. Walisema aliyemweka nyoka ndiye aeleze. Kwa hiyo akaniomba, baba mkubwa, waandikie mstari mmoja tu.

Nikamwambia nitaandika. Akashukuru. Akaliona dumu langu la maji liko tupu, akalichukua, akaenda kulijaza, akalirudisha, ndipo akabeba begi lake akaondoka.

Sikuandika, Deus.

Hapa ningeweza kukuambia kwamba mimi ni mzee wa ushamba, nilimpa mtoto heshima ya Bayeye na vijana wakaielewa vibaya. Ungeniamini. Ungenicheka hata, ungesema Maduhu na simu ni ng'ombe na baiskeli. Barua ya namna hiyo niliianza juzi, ikanoga kabisa, nikaisoma nikajipenda. Nimewashia moto.

Nilijua. Siku ile ya mafunzo, Paskalina alipofika kwa nyoka aliniambia huyu usimchezee, huyu maana yake msaliti, mtu anayewauma wenzake huku anakula nao. Tena nilibisha naye, nikimtetea nyoka, akasema huko kwenye ngoma yenu sawa, humu hapana. Nilimweka nikiwa najua watakavyomsoma.

Na sababu ni hii. Kiroba kilipoondoka, kigoda kilikuwa kitupu. Mlinzi alikuwa nyuma ya kibanda cha kuchajia simu, anacheka na wanaomtumia mbuzi. Niliporudi nikahesabu, nikaona pengo. Edson alipouliza nilijua swali la pili litakuwa mlinzi alikuwa wapi. Nilitaka macho yaende kwingine, hata kwa muda wa kupumua tu. Jina lililokuwa juu ya kioo wakati huo lilikuwa la mwanao. Lingekuwa la mwingine ningemwekea huyo mwingine. Sina hata chuki ya kujitetea nayo.

Kiroba hakikuibwa na mtu. Juzi Magesa, mwenye pikipiki ya kubeba mawe, alikuja kwangu uso umemshuka. Alikibeba kwa makosa akidhani ni cha watu wa duara la jirani, kikasagwa pamoja na vyao, na hakuna wa kukitenganisha tena. Akaniambia alikuja kuuliza kwanza, mzee, lakini hapakuwa na wa kumuuliza.

Jana mchana nilikwenda na Magesa kwenye banda la Paskalina, wote wakiwa wanakula. Nikasimama, nikayasema haya niliyokuandikia. Nilitegemea matusi. Nilitegemea hata kicheko, unanijua. Maganga alirudisha tonge kwenye sahani. Edson alisema Masele arudi siku yoyote, nafasi yake ipo, kisha akatoka, na nilipofika karashani kigoda hakikuwepo. Kwenye grupu wameniondoa. Paskalina alinipakulia wa mwisho, na alipoweka sahani aliangalia sahani. Tangu hapo anaongea nami mambo ya chumvi na kuni tu.

Yule nyani wa kujiziba macho, nilifikiri kukutumia yeye peke yake. Nikamtazama. Nyani mwenyewe anatabasamu.

Deus, mwanao hajaiba. Wewe ulimfukuza mbele ya majirani. Umwite mbele ya majirani haohao, kwa sauti yako ile ya kusoma matangazo kanisani. Usinisubiri mimi. Nenda leo kwa fundi baiskeli ukabebe begi lake mwenyewe, magoti yaume kidogo.

Nakuja kwa basi la Jumanne, nitabadilisha Kahama. Sitapiga hodi kwako. Nitasimama nje ya geti, na nakuomba usitoke, na mkeo asitoke, hata akiniona akanihurumia. Atoke Masele. Akinikaribisha nitaingia. Akinipa shikamoo na kurudi ndani, nitaitikia, nami nitageuza.

Nisalimie Mama Masele, nisalimie watoto, na Padri mwambie bado nipo hai, ajiandae, safari hii maungamo yangu ni marefu.

Ni mimi uliyecheza nami nyoka tukiwa na nywele,

Maduhu

Michembe asinifungashie mwaka huu.