Filamu Moja ya Baba

Cairo,
8 Novemba 1974

Kwa dada yangu Kalondu,

Pokea salamu kutoka mbali kuliko barua yangu yoyote iliyowahi kutoka. Hamjambo hapo Mbooni? Mvua imefika, au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kinauma, na sababu ni wachongaji hawa watano niliosafiri nao.

Unajua chama chao kilinichukua mimi, mpiga picha wa mji wa Wote, ili wakimaliza kuuza vinyago kwenye maonyesho niwapigie picha za mahekalu ya kale, wenzao waliobaki nyumbani nao waone kazi ya mawe. Nilidhani ni heshima. Kumbe ni adhabu.

Mji wenyewe hauna usingizi. Magari hupiga honi hata yakiwa yamesimama. Tukivuka barabara tunashikana mikono kama watoto wa nasari, na mzee Nzomo, kiongozi wetu, husimama katikati kuomba. Kila asubuhi tunaletewa maharagwe yaliyopondwa, bila punje hata moja ya mahindi kama tunavyochanganya kwetu, na kila asubuhi Nzomo huuliza ni nani aliyekula mahindi yake.

Tulikwenda Luxor kwenye mahekalu. Siwezi kusema si makubwa; nguzo moja, watu wanane hawaikumbatii. Lakini Nzomo hakuja kustaajabu, alikuja kukagua. Alipapasa goti la mfalme wa jiwe, akasema fundi alifanya uvivu hapo nyuma. Mlinzi alipomfukuza, alimweleza kwa Kikamba kwamba kazi hukaguliwa kwa kiganja. Halafu akanigeukia mimi, akasema nirudie picha, nimekata miguu. Unajua kwetu picha isiyoonyesha viatu si picha, mtu huonekana kama amezikwa nusu. Nikalala chali mchangani ili mfalme aenee, shati langu zuri likaharibika, naye akasema sasa nimekata kichwa. Kichwa chenyewe kilianguka kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Barua yako niliikuta tuliporudi hapa Cairo. Unasema Baba hainuki tena bila kushikwa, na kila siku anauliza picha yake itasafishwa lini. Unasema amekuagiza upigilie msumari ukutani, nawe umeupigilia. Nimeisoma mara nne, na hasira yote niliyokuwa nayo kwa Nzomo imenigeukia mwenyewe.

Kalondu, hakuna picha. Sisi wapiga picha tuna ujanja wetu wa sokoni: watoto wakitusumbua tunawabonyezea kamera tupu, wanafurahi na kwenda zao. Siku ile ya kuniaga, Baba alinyoa ndevu, akavaa koti lake la jeshi kwenye jua lile, akashika mwimo wa mlango ili asimame wima na viatu vionekane. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikabonyeza. Ndani hamkuwa na kitu. Filamu zilikuwa za chama, nami nikaona uchungu kufungua moja kwa ajili ya mzee ambaye nilidhani nitampata wakati wowote. Nilimfanya Baba kama mtoto wa sokoni. Kisha filamu zile nikazimalizia kwa wafalme ambao hata majina yao siwezi kuyatamka. Naona aibu, dada.

Imebaki moja. Jana Nzomo alitaka nimpigie yule simba mkubwa mwenye uso wa mtu, nikakataa. Filamu nilikuwa nimeificha ndani ya soksi. Wote wakanikasirikia, ikabidi niwaambie sababu. Nzomo aliacha kumdai simba wake. Kisha akasema nisimsimamishe Baba safari hii. Akasema wafalme wengi tuliowaona walikuwa wameketi, na hakuna aliyewadharau.

Tutafika mwisho wa mwezi. Tafadhali mwambie Baba ukweli kabla yangu, maana mimi nikimwona nitadanganya tena. Mwambie avae koti, akae kitini, au alale ikibidi. Viatu nitavipanga kando yake. Lakini aningoje. Na msumari usiung'oe, hata ikiwaje.

Wabusu watoto, na umsalimie jirani yetu Mutindi.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa,
Mulei