Birika la Vidole Vitatu

Nyumbani, juu ya karakana,
Jumapili, 8 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Na mtoto, kile kikohozi kimemwacha? Huku miili mizima. Ila moyo umenichafuka tangu Jumatano, na nisipokuandikia nitatapika.

Mdogo wetu, huyo tunayemwita Injinia kwa kozi yake ya miezi mitatu, alinunua kompyuta ya kuchorea na mashine ya kupiga picha kitu kila upande. Sawa, dunia inakwenda, sikubisha. Lakini desturi ya Baba unaijua: birika jipya hukaa jikoni kwa Mama wiki nzima, liungue, lianguke, limiminwe, ndipo kalibu ya kutolea mengine ikatwe. Injinia akasema huo ni ushamba, kompyuta imeshalijaribu. Baba akaambiwa akapumzike. Karakana aliyoijenga kwa jasho lake, sasa anasimama mlangoni akingoja kukaribishwa. Kinyaa kitupu.

Basi Injinia akatafuta birika la mfano. Akachukua lililo zuri kuliko yote, lile la Baba mwenyewe la kumiminia chai yake. Mashine ikapiga picha, kompyuta ikanakili, yakatoka mabirika mia sita ya hoteli.

Jumatano yamerudi yote. Kishikio hakiingii mkono wa mtu. Kaka, wewe ndiye uliyemkimbiza Baba hospitali siku mashine ya bati ilipomla vidole viwili. Birika lile alilitengeneza baada ya pale, kwa ajili ya mkono ule. Mama angelishika mara moja tu angejua. Hakupewa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu wetu kavunjika, halafu anamlaumu mkuu. Mkavu wa macho yule. Mbele ya mafundi wote akamwambia Baba, "Mzee, sampuli yako ndiyo mbovu." Baba aliinua tu mkono wake, akauacha hapo juu mpaka fundi wa kalibu akageukia ukutani.

Sasa kuna karatasi inakuja kwako. Injinia anataka karakana iandikwe jina lake, eti Baba kachoka, na bila sahihi yako wewe mkubwa wetu haiwezekani. Nakuomba Kaka, usiitie.

Baba amejichukulia birika moja katika yale mia sita. Anamiminia chai kila asubuhi. Anasema limetoka vizuri.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi anauliza utakuja lini. Mungu akutunzie mikono yako yote miwili.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira