Muhtasari wa Mkutano Ambao Haujafanyika

Mkonze, Dodoma
10 Agosti 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanangu Bupe. Mimi sijambo, ni mgongo tu, kutwa nimeinamia taipureta.

Mama, leo nimepiga chapa muhtasari wa mkutano wa wazazi wa chekechea hapo kijijini. Unasema wazazi wameafiki kwa kauli moja kwamba fedha za serikali za watoto wadogo zinunue madawati. Tarehe yake ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bwana Ludovick, mkuu wangu hapa halmashauri, atakuja nao mkobani, nyie mnatakiwa kusaini tu. Nimeona aibu. Usimwambie mtu nimekuandikia, kibarua changu kitaota nyasi.

Ni mimi mwanao,
Elieth

Kijijini
21 Agosti 1994

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Sisi wazima, Bupe anamaliza zabibu za watu.

Mkutano ulikuwa jana. Walituita saa nne, wakijua ndio tuko shambani tunavuna. Tukaenda hivyo hivyo na vikapu vyetu. Bwana wako akasoma haraka haraka, akatoa kalamu. Mimi sikukutaja. Nilimwomba tu tuseme kwanza, ndipo iandikwe. Akasema, "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu." Nikamjibu, "Anayemvusha Bupe korongo kwenda chekechea ni mimi, sio mtaalamu."

Basi tukasema. Mtoto wa miaka minne kwenye dawati miguu inaning'inia, mkeka unamtosha. Tunachotaka ni chumba kingine cha chekechea upande wetu wa korongo, maana mvua zikianza watoto wa huku hawavuki hadi Aprili. Tofali tutafyatua wenyewe, fedha zinunue bati na simenti. Mama Iddy, ambaye chekechea iko mlangoni kwake, akawa wa kwanza kutuunga mkono. Hapo machozi yalinitoka.

Muhtasari nimeuandika mimi. Ulisomwa mara mbili, tukasaini, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Bwana wako ameondoka nao amenuna. Nijibu upesi, nina wasiwasi juu yako.

Mama yako,
Edina

Kijijini
12 Septemba 1994

Mwanangu,

Hujambo? Wiki ya tatu hii sina jibu lako. Kama wamekufukuza, rudi nyumbani, tutakula tulicho nacho. Lakini muhtasari wetu siufuti. Unisamehe.

Mama yako

Mkonze
20 Septemba 1994

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya wangu. Mimi mzima, na kazi ningali nayo.

Bwana Ludovick aliufungia muhtasari wenu kwenye droo, nami nikaona na kunyamaza. Nilikosa hata uso wa kukuandikia. Jana mkurugenzi akauliza mbona kijiji chetu hakijaleta muhtasari wake, ukabidi utolewe. Akausoma wote amesimama. Akauliza, "Huyu Edina aliyeandika ni nani?" Bwana Ludovick akasema ni mama mmoja mkorofi wa huko.

Nikainuka. Nikasema, "Ni mama yangu mzazi. Na muhtasari mwingine upo, niliuchapa mimi kabla mkutano haujafanyika."

Mkurugenzi akaniambia niketi, niuchape huu wenu kama ulivyo. Nimeuchapa neno kwa neno, na ameupitisha: bati na simenti zitakuja kabla ya mvua. Leo Bwana Ludovick hajaitikia salamu yangu, na sijui kesho atanifanya nini. Hata hivyo natembea humu kifua mbele.

Ni mimi,
mtoto wa Edina