Bastola Mpya na Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudisha shotigani stoo saa kumi na mbili jioni, nimesaini, nikageuka niende zangu. Meneja akaniita. Mezani bastola nne mpya, bado zina mafuta ya kiwandani. Kampuni imepata kazi ya kusindikiza dhahabu kutoka Nzega hadi uwanja wa ndege hapa Tabora. Tutajaribiwa walinzi wanne, watachukuliwa wawili. Jaribio Alhamisi ya wiki ijayo. Mwanamke ni mimi peke yangu. Sina wasiwasi. Miaka tisa nimesimama na shotigani kwenye geti la ghala la tumbaku, na aliyenicheka mara moja hakurudia.

Nafasi moja ni yangu. Naandika mapema.

Jumanne, 5 Agosti

Renji. Ni uwanja wa mazoezi ya risasi, nje ya mji, ndani ya msitu wa miyombo. Tuta la udongo, mbao za shabaha, jua kali. Mwalimu ni Afande Mihayo, mwanajeshi mstaafu, mfupi, haongei sana. Amri yake ya kwanza: kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeshalenga.

Bastola ni nyepesi, nilidhani ya kuchezea. Kitako kimekaa kiganjani kama nilipimwa. Ukifyatua, chuma cha juu kinarudi nyuma, kinatema ganda, kinajikoki chenyewe. Risasi ya pili iko tayari kabla hujapepesa jicho. Teke lake dogo, linarusha mkono juu badala ya kugonga bega. Ganda moja la moto likaingia kwenye kola. Nina alama shingoni. Nimeipenda hata hivyo.

Ila risasi kumi, zote chini kushoto. Nikasema bastola ina kasoro. Afande akaitazama karatasi. "Inawezekana," akasema. Sikupenda alivyolisema.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Niliomba kubadilishana na Venance. Venance ni mlinzi mwenzangu, kijana wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi. Mpole, mkatoliki wa kweli, huniita dada. Akachukua bastola yangu. Risasi zake zote katikati. Nikachukua yake. Chini kushoto.

Afande mwenyewe akajaza magazini yangu, kile kisanduku cha risasi, nimegeuza uso. Alichanganya risasi bandia katikati ya nzuri. Mbili zikalia. Ya tatu ilikuwa bandia: haikulia, lakini mkono wangu ukaishusha bastola kwa nguvu, kama mtu anayekwepa kofi. Wote waliona. Mimi mwenyewe niliona.

"Bastola ni nzima," akasema Afande. "Unaliwahi teke kabla halijaja."

Shotigani ndiyo iliyonifundisha hivyo. Miaka tisa ya kukaza bega. Nimeona aibu. Nimekasirika pia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu ya wakulima, hakuna renji. Nimeshinda nyumbani, mtaa wa Cheyo. Idi, mume wangu, hakufungua kibanda chake cha ushonaji mtaa wa Ng'ambo. Nikachukua pasi yake ya mkaa, ikiwa baridi, nikainyoosha mbele kwa mikono miwili kama bastola na kuhesabu mpaka mia. Nikarudia. Idi alinitazama akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Getini unarudi jioni, najua," akasema. "Huko njiani sijui."

Nilimwambia nataka kazi ile. Hakubishana. Alipanguza pasi tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Afande aliweka kizibo cha soda juu ya bastola tupu. Fyatua, kizibo kisianguke. Kilianguka mara kumi na kitu. Kisha kikakaa. Kikakaa tena. Nikaacha kusubiri mlio, nikabonyeza taratibu kama anayekamua jipu.

Mchana akanipa risasi tano. Zote katikati, ungezifunika kwa kisahani cha kahawa. Afande hakusifu. Alibandika karatasi mpya, nami nikajua ndiyo sifa yenyewe.

Najiamini tena. Safari hii nina sababu.

Jumanne, 12 Agosti

Nusura nipoteze mguu leo.

Tulikuwa tumemaliza. Wale wenzetu wawili walikuwa kwenye gari, Afande ameenda kando kupokea simu. Venance akachomoa magazini, akidhani bastola imeisha risasi. Hakutazama chemba, ambamo risasi moja huweza kubaki. Akafyatua ili kuilegeza kabla ya kuirudisha. Ikalia. Risasi iliingia ardhini, inchi chache kutoka kwenye kiatu changu cha kushoto. Vumbi likanipanda mpaka gotini.

Afande aligeuka, akadhani tunamalizia risasi ya mwisho. Venance alikuwa mweupe midomoni. "Dada, nakuomba. Usiseme. Mke wangu anategemea kujifungua mwezi huu."

Sikusema.

Sasa nafikiri. Nikisema, wataona nimemwondoa mshindani. Na kweli, pembeni ya akili yangu kuna anayefurahi. Simpendi huyo. Nikinyamaza, Venance atakaa ndani ya gari na bastola, pamoja na dereva, pamoja na mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Nilimkuta Venance mapema kwenye lango la kampuni. Nikamwambia: "Mwambie Afande mwenyewe kabla ya saa mbili. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

"Nilikuhesabu dada yangu," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Alimwambia. Nilisimama mbali, sikusikia. Nilimwona Afande akinyoosha mkono, Venance akaiweka bastola juu yake. Hatafanya jaribio. Anarudi getini, ataanza upya kundi lijalo likiitwa. Hakufukuzwa, maana alisema mwenyewe.

Alinipita bila kunitazama. Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Ningerudia vilevile.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepita.

Risasi ya nane ganda lilikwama, limesimama kwenye chuma cha juu kama jino. Sikuwaza. Nikapiga magazini kwa kiganja, nikavuta chuma, ganda likaruka, nikaendelea. Zote ndani ya duara. Afande akasema neno moja: "Vizuri." Kwa Afande hiyo ni hotuba.

Wa pili ni mmoja wa wale wenzetu wawili. Safari ya kwanza Jumatatu.

Nilimwambia Idi. Akaniuliza suruali ya sare inanibana wapi, nayo bastola itakaa upande gani wa kiuno.

Jumapili, 17 Agosti

Jioni nimepita kwenye ghala la tumbaku kukabidhi funguo zangu. Venance yuko getini, shotigani begani. Nikasalimia. Akaitikia. Nilidhani yameishia hapo.

Akavuta benchi, tukakaa. Harufu ya tumbaku, watu wanapita na baiskeli zao. Mkewe amejifungua jana, mtoto wa kike. Nikampa hongera.

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kila akifumba macho anauona mguu wangu.

Nikavua kiatu cha kushoto. Nikaunyoosha mguu mbele yake, vidole vyote vitano. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Haya, vaa," akasema. "Kuna siafu hapo."

Nikavaa.